Glavu au Viganja Vitupu: Kipi Kinakufaa kwenye Usukani wa Simuleta?

Dereva wa mbio za magari humkuti uwanjani ameshika usukani kwa viganja vitupu. Kwa hiyo mtu akishafunga nyumbani usukani wake wa simuleta, yaani wa kuendeshea magari ya kuigiza kwenye kompyuta, swali humjia lenyewe: na mimi nivae glavu? Ni swali zuri, ila sababu ya yule dereva na sababu yako ni vitu viwili. Yeye amezivaa kwanza kabisa kwa ajili ya moto. Glavu za mbio zinazotambuliwa na FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari, hupimwa kwa kiwango nambari 8856, na hushonwa kwa nyuzi zinazostahimili moto kama Nomex. Dereva wa Formula 1, Romain Grosjean, alipochomoka kwenye gari lililokuwa likiwaka huko Bahrain mwaka 2020, alikuwa na glavu mikononi na bado migongo ya mikono yake iliungua. Ukiikumbuka picha ile huulizi tena kwa nini dereva wa uwanjani anavaa glavu.

Chumbani hakuna petroli. Glavu zikiingia kwenye simuleta zinabakiwa na kazi tatu: kusaidia mkono ushike bila kuteleza, kuikinga ngozi ya kiganja isichubuke, na kuukinga usukani na jasho pamoja na mafuta ya mwili. Kama hakuna hata moja kati ya hizo inayokusumbua, viganja vitupu vinakutosha, na pesa yako iende kwenye pedali nzuri. Kama ipo inayokusumbua, endelea kusoma, maana jibu halifanani kwa watu wote.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Wengi huanza kwa kuchagua glavu. Mimi nasema anza na usukani. Umefunikwa na nini, na mota iliyo nyuma yake, ile inayouvuta ili uhisi kama gari la kweli, ina nguvu kiasi gani? Ukishajibu hayo mawili, mkono wako wenyewe, na jasho lake, ndio utakaomalizia.

Usukani umefunikwa na nini

Usukani wa ngozi laini, mfano ule wa Logitech G29, unapatana na mkono mtupu. Kiganja kina unyevu kidogo wa asili, na unyevu huo ukikutana na ngozi mkono unashika vizuri. Ukivaa glavu ya kitambaa kitupu juu ya ngozi laini unaweza kupunguza mshiko wakati ulitaka kuuongeza, kwa sababu kitambaa kikavu kinateleza. Hapo glavu itafaa tu kama kiganja chake kina suedi au michirizi ya silikoni. La sivyo nawa mikono, ikaushe, keti uendeshe. Ukimaliza, pangusa usukani kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, halafu kikavu.

Mpira una tabia nyingine. Unaushika mkono mtupu kwa nguvu, pengine kupita kiasi. Kwenye kona kali, usukani umeshazunguka lakini ngozi ya kiganja bado inavutwa nyuma, na baada ya saa nzima ya mvutano huo unaanza kuhisi kama moto kwenye shina la kidole gumba. Kwa anayeendesha nusu saa akapumzika, haina neno. Kwa mbio ndefu, glavu nyembamba inaleta nafuu kubwa.

Suedi ndiyo inayostahili maneno mengi, hasa ile ya kutengenezwa kiwandani inayojulikana kama Alcantara. Ni kitambaa cha poliesta na poliuretani chenye vinyweleo vifupi sana, na ukikigusa kinafanana na upande wa ndani wa ngozi. Kikiwa safi, hakuna kinachoshika vizuri kuliko hicho. Tatizo ni kwamba vinyweleo hivyo vinakunywa kila kitu kinachotoka mkononi: jasho, mafuta, vumbi, hata losheni uliyopaka asubuhi. Vikishashiba vinalala, na vikilala usukani unang'aa na kuanza kuteleza.

Usukani wangu wa kwanza wa aina hiyo niliushika kwa viganja vitupu tangu siku ya kwanza. Miezi michache baadaye, mchana mmoja, mwanga wa dirishani uliupiga kwa ubavu nikaona kitu ambacho usiku sikuwahi kukiona. Upande wa kulia na wa kushoto, pale gumba linapopita, palikuwa panang'aa kama kiwiko cha koti kuukuu. Juu na chini, ambako mkono haufiki, vinyweleo vilikuwa bado vimesimama, vyeusi, visivyo na mng'ao wowote. Nikapitisha kidole taratibu kutoka juu kuja ubavuni: kikawa kinakwama kidogo kidogo, halafu ghafla kikateleza. Ungeweza kuchora kwa kalamu mahali hasa viganja vyangu vinapoanzia na vinapoishia.

Niliusafisha kwa kitambaa kilicholowekwa maji na kukamuliwa sana, nikauacha ukauke wenyewe usiku kucha, kisha nikainua vinyweleo kwa brashi laini. Ulirudi, lakini si kama ulivyokuwa. Kwa hiyo kwenye suedi silegezi kamba: vaa glavu, na anza siku unayoutoa kwenye boksi. Anayekataa kabisa glavu anunue usukani wa ngozi au mpira. Nitafurahi kwa ajili yake kuliko kumwona anauharibu ule mzuri.

Nguvu ya mota

Nguvu inayorudi mkononi hupimwa kwa nyutoni-mita. G29 inatoa kama 2. Mota ya Fanatec CSL DD inatoa 5, au 8 ukiiongezea adapta kubwa ya umeme. Moza R9 inatoa 9, na Simucube 2 Pro inafika 25. Kwa mtu asiyezoea, hizo ni namba tu, basi tuzigeuze kuwa uzito. Chukua usukani wenye upana wa sentimita 30; kutoka katikati hadi unaposhika ni sentimita 15. Kwa mota ya 2, mikono yako miwili inapambana na kitu kama kilo moja na nusu. Kwa mota ya 8, kilo tano na zaidi. Kwa mota ya 25, zinakaribia kilo 17. Uzito huo hautulii hata kidogo: unavuta kushoto, unaachia, unavuta kulia, unatetemeka, mara nyingi ndani ya kona moja.

Kwenye mota ndogo inayotumia gia au mkanda, ngozi haina shida yoyote na uzito wa namna hiyo. Sijawahi kuona mtu akitoka malengelenge kwa kilo moja na nusu, isipokuwa aliyekuwa ameukaba usukani kama anayening'inia mtini. Mambo hugeuka unapohamia kwenye mota inayozungusha usukani moja kwa moja, bila gia wala mkanda katikati. Kiganja kinasuguliwa huku na huku, jasho linailainisha ngozi, na ngozi iliyolainika huchubuka upesi. Lengelenge la simuleta lina mahali pake: ule utando kati ya gumba na kidole cha shahada, au pale chini kabisa ya gumba. Kwanza unaona wekundu usiouma. Siku ya pili panauma ukigusa maji. Ukiendelea kuendesha panajaa maji, na hapo unapumzika utake usitake.

Wapo watakaosema vumilia tu, mkono utaota sugu. Ni kweli, mikono ya wengi huzoea. Ila sugu huja kwa kipimo: dakika ishirini leo, ishirini kesho, nguvu ya mota ikiwa imeshushwa, ukiipandisha taratibu wiki baada ya wiki. Anayeruka kutoka 2 hadi 12 kwa usiku mmoja na kukaa saa tatu hapati sugu, anapata kidonda.

Kuna jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko malengelenge, nalo ni mkono kuchoka. Usukani ukianza kuteleza hata kidogo, mwili unajibu bila kukuuliza: unakaza vidole. Ukikaza vidole kwa dakika arobaini, misuli ya kigasha inakuwa kama mbao, na mkono uliokazana hauwezi tena kusahihisha gari kwa ulaini. Ninapovaa glavu inayoshika vizuri, najiona nikilegeza vidole, usukani unakaa viganjani kama umeegeshwa tu, na bado hauendi popote nisipotaka. Hiyo ndiyo hoja kubwa kuliko zote upande wa glavu, na inawahusu hata wenye viganja vigumu.

Lakini hoja hiyohiyo inageuka ukivaa glavu nene. Glavu nene inaongeza unene wa usukani. Vidole vinalazimika kufunguka zaidi na kukaza zaidi ili kuuzunguka, na mtu mwenye mkono mdogo atachoka mapema kuliko angekuwa mtupu. Kwa simuleta, unene ni adui.

Kuhisi gari

Wanaopendelea viganja vitupu hutoa hoja moja kwa msisitizo: glavu inaua hisia. Nimekaa nayo muda mrefu hoja hii, na naona ina ukweli wa nusu. Inategemea ni hisia gani.

Gari likipoteza mshiko wa matairi ya mbele, usukani unakuwa mwepesi ghafla. Mkia ukianza kutoka, usukani unavuta upande wa pili kwa nguvu. Habari hizo kubwa, zile zinazokuokoa usiingie ukutani, zinapita kwenye vifundo vya mikono, viwiko na mabega. Hakuna glavu inayoweza kuzizuia, maana haipunguzi nguvu ya mota hata kidogo. Kinachopungua ni yale madogo: msisimko wa tairi linapoanza kuparuza, vijitetemo vya barabara mbovu, ule mkwaruzo mwembamba wa breki inapotaka kufunga gurudumu. Hayo huja kupitia ngozi ya vidole, na safu yoyote katikati inayapunguza. Glavu nyembamba inayapunguza kidogo sana; glavu ya fundi yenye sponji kiganjani inayameza karibu yote.

Kwa mota ndogo za gia hasara hiyo karibu haipo, kwa sababu vijitetemo vingi vinapotea ndani ya gia kabla havijakufikia. Kwa hiyo mwenye mota ndogo hana cha kupoteza akivaa, na pia hana kikubwa cha kupata. Mwenye mota kali anapata mengi na anapoteza kiasi. Mwenye mota ya katikati, hii ya 5 hadi 9, ndiye aliye njia panda kweli, na ndiye ninayemwandikia hasa.

Jasho

Viganja vina vitundu vingi sana vya jasho kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili, na jasho lake halingoji joto. Viganja hutoka jasho kwa hofu, kwa msisimko, kwa kukazia macho kitu. Ndiyo maana unaweza kufanya mazoezi saa nzima mikono ikiwa mikavu, halafu dakika mbili kabla ya taa za kuanzia kuzimika ukajipangusa kwenye suruali. Feni inasaidia, nami siendeshi bila feni inayopuliza kifuani na mikononi, lakini feni haizimi jasho la roho kudunda.

Glavu hainyimi mkono kutoka jasho. Inalinyonya lisifike kwenye usukani, na upande wake wa nje unabaki mkavu. Kwa mbio za dakika arobaini hilo linatosha. Kwa mbio ndefu, glavu yenyewe italowa, na glavu iliyolowa ni mbaya kuliko kiganja kilicholowa kwa sababu huwezi kuipangusa. Mwaka 2020, mbio za saa 24 za Le Mans zilipofanyika kwenye simuleta, kila gari lilikuwa na madereva wanne wa kupokezana. Ukishiriki mbio za mtindo huo, uwe na jozi mbili: moja mikononi, nyingine inakauka.

Kama viganja vyako havitoki jasho kabisa (na wapo watu wa hivyo), sehemu kubwa ya hoja za glavu inakuondokea. Usijilazimishe.

Vitufe, kibodi na mengineyo

Hapa mkono mtupu unashinda, na sina haja ya kurefusha. Ukiwa na vitufe vidogo vilivyosongamana kwenye usukani, kidole kilichofunikwa hubonyeza viwili kwa mpigo. Vinobu vya kuzungusha vinadai ncha ya kidole. Kibodi, panya, skrini ya kugusa, vyote vinachosha. Glavu zenye nyuzi za kupitisha umeme kwenye ncha za vidole zinafanya kazi kwenye skrini, ila uandishi unabaki wa kubahatisha. Anayevaa miwani ya uhalisia pepe anapapasa vitufe bila kuviona, kwa hiyo namshauri azizoee glavu zake kwa siku kadhaa kabla ya kuingia nazo kwenye mbio za maana.

Anayeendesha kwa kuteleza

Mchezo wa kuliteleza gari kwa makusudi una kanuni zake. Pale unaachia usukani ujizungushe wenyewe kwa kasi huku viganja vikiwa vimeugusa kwa mbali, kisha unaudaka. Ukiwa na viganja vitupu kwenye mpira au suedi, msuguano huo unaunguza. Ukivaa glavu yenye silikoni nyingi, usukani unakwama mkononi wakati ulitaka upite. Kinachofaa ni glavu ya kiganja laini, suedi nyembamba au kitambaa kisicho na nakshi, tena bila silikoni. Wanaoendesha rali na kutumia breki ya mkono nao wataipenda hiyohiyo.

Ukiamua kuvaa, vaa ipi

Glavu za kiwango cha FIA hazina kosa, lakini unalipia kinga ya moto usioutarajia, na nyingi zina tabaka za ziada. Zilizotengenezwa kwa ajili ya simuleta, mfano Sparco Hypergrip, ni nyembamba, zina kitambaa cha kupitisha hewa mgongoni na nakshi za silikoni kiganjani. Za gokati ziko karibu sana na hizo na zinafaa pia. Za baiskeli zilizokatwa vidole zinakuachia ncha za vidole kwa ajili ya vitufe, jambo zuri, lakini kagua kiganja: mara nyingi kina vifuko vya jeli vinavyokaa mahali pabaya. Za fundi makanika chagua zile nyembamba kabisa au ziache. Za kufuma kwa pamba zinateleza. Usizijaribu hata kama ziko kabatini.

Angalia mishono kabla ya kitu kingine. Geuza glavu uone kama mshono wa vidole uko nje au ndani. Mshono wa ndani ukikaa kati ya ncha ya kidole na usukani, unaanza kama mstari mdogo usioukumbuka na kuishia kuwa alama nyekundu. Za nje zinaonekana kama hazijamaliziwa, na watu huzikwepa kwa sura yake. Kumbe ndizo zinazokaa vizuri.

Kwa saizi, zungusha utepe wa kupimia kwenye kiganja, chini kidogo ya vifundo vya vidole, gumba likiwa nje, kisha ulinganishe na jedwali la mtengenezaji husika, kwa kuwa kila mmoja ana jedwali lake. Ukivaa, kunja ngumi: isikuvute kwenye makutano ya vidole. Nyoosha vidole: ncha zisiwe na kitambaa kilichobaki kitupu, maana hicho ndicho kitakachonasa kwenye kibao cha gia.

Zifue kwa mkono, maji baridi, sabuni kidogo, bila kuzisokota, uzianike kivulini. Zenye suedi kiganjani zikikaushwa juani hukakamaa na hazirudi laini tena.

Jambo moja glavu haiwezi kukufanyia, na nalisema kwa sababu nimeona watu wakijiamini vibaya: haikingi mfupa wala kano. Kwenye mota yenye nguvu, ukigonga ukuta usukani hujizungusha ghafla, na gumba lililoingia katikati ya mikono ya usukani, ile inayounganisha duara na kitovu chake, linaweza kuteguka, glavu au si glavu. Jifunze kuachia usukani kabla ya kugonga, weka kikomo cha nguvu kwenye programu, na kitufe cha kuzima dharura kiwe karibu na mkono.

Kwa aliye njia panda

Kama una mota ya 5 hadi 9 na usukani wa ngozi au mpira, usinunue bado. Azima jozi, hata ya rafiki wa gokati. Chagua gari moja na uwanja mmoja unaoujua. Endesha nusu saa bila glavu, pumzika vizuri, kisha nusu saa ukiwa nazo. Usiangalie muda wa mzunguko, kwa sababu awamu ya pili utakuwa umeshapasha moto na utaenda kasi kwa vyovyote. Kila unaposimama piti, fungua viganja uvitazame chini ya taa, kisha minya kigasha kwa mkono wa pili usikie kama kimekazana. Kesho yake rudia, ukianza na glavu.